Mbili Nukta Tano hadi Sufuri Nukta Moja

Koili zinashushwa kutoka lori la Arvidsson
na theluji mgongoni, na magamba meusi,
nene milimita mbili na nusu.
Ni Februari. Klarälven umeganda kingoni,
katikati bado unabishana.

Tunaziogesha kwa tindikali.
Magamba yanatoka kama ya samaki mbele ya kisu,
na chini yake kuna kijivu kisichong'aa,
kijivu cha mtu aliyeamshwa usiku wa manane.

Husemwa samaki mkunje angali mbichi.
Sisi tunamkunja amekwisha kauka:
baridi, bila moto,
rola juu, rola chini, mafuta kidogo,
na uzito ambao sijawahi kuueleza kwa mtoto.

Pasi ya kwanza, ukanda unajinyoosha kama paka.
Pasi ya tatu, umeanza ukaidi.
Pasi ya tano unalia,
sauti nyembamba, ya juu,
ambayo Torvald, baba yangu, aliisikia miaka thelathini na minne
mpaka masikio yakaigeuza kimya.
Ukimwita sasa, simama mbele yake.

Chuma ukikikandamiza kinazidi ugumu.
Ukizidisha, kinapasuka.
Torvald alijua pa kuachia.
Kwa chuma, alijua.
Kwa Egil, ndugu yake, hakujua.

Basi koili inafunikwa kwa tanuri la kengele.
Hewa nje, hidrojeni ndani,
digrii mia saba na ushee, saa ishirini,
isahau.
Inatoka laini, tayari kubanwa upya.
Tunarudia mara tatu.
Nimewahi kuwaza kwamba binadamu hajafanyiwa hisani hiyo,
au unyama huo. Sijaamua.

Halafu visu vya mviringo, ishirini na viwili, mhimili mmoja.
Upana unaingia, wembamba unatoka,
kanda zinaning'inia shimoni kama tambi.
Samuli anazitazama, anakula mkate wake wa shayiri,
haongei kabla ya saa kumi alfajiri.

Usiku mmoja alinionyesha alama,
ndogo kuliko chembe ya sukari,
kisha nyingine sentimita thelathini na moja mbele,
kisha nyingine,
kilomita nne nzima.
Rola ilikuwa imemeza kitu
na ilikiri kila ilipozunguka.
Tuliitupa koili yote.
Samuli akasema, "Angalau ni mkweli."
Ilikuwa saa nane tu.

Kazi yangu mimi ni kingo.
Ukanda ukikatwa, ukingo huota vinyweleo
ambavyo jicho halivioni.
Kitabu cha usalama kinasema glavu.
Kidole changu cha shahada, cha kushoto,
hakijavaa glavu tangu niajiriwe.
Msimamizi anajua. Hutazama dirishani.
Cha baba kiliishia fundo la kwanza,
mwaka wa sitini na nane, siku ya mshahara.

Sufuri nukta moja.
Ukipuliza, ukanda unatetemeka.
Ukiuachia, unarudi ulivyokuwa
kana kwamba hukuwahi kupumua karibu yake.
Tunaupaka mafuta, tunaufunga, tunaandika namba,
na unakwenda kuwa nyembe mahali pengine.

Jumapili naenda nyumba ya wazee.
Nampaka baba povu.
Navua wembe kwenye karatasi yake.
Sijui kama ulipita kidoleni mwangu.
Tunauzia wengi, na wauguzi hununua wa bei nafuu.
Nanyoa shavu, naruka kovu, naingia chini ya taya.
Hasemi kitu. Nje mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Nikimaliza, anainua kile kipande cha kidole,
anakipitisha kwenye taya,
polepole, kutoka sikio hadi kidevu,
anarudia pale karibu na mdomo.

"Rudisha," anasema.
"Huu una vinyweleo."